Kumi na mbili ipi? Hotuba kuhusu saa sita ya mchana na saa sita ya usiku

Hii ni hotuba niliyoitoa mjini Tanga mbele ya makatibu wa ofisi, wakatisha tiketi na wahudumu wa mapokezi. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, mgeni rasmi, wazee wangu, dada zangu na kaka zangu: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na kwa wale walioingia sasa hivi na andazi mkononi, karibuni, viti vipo mbele.

Naomba tuanze na kazi kabla ya maneno. Ubaoni nimeandika 12:00. Sijaweka neno lolote mbele wala nyuma. Tuseme hiyo ndiyo iliyo kwenye tiketi yako ya basi. Utafika stendi wakati gani?

Naona mikono. Dada wa nyuma kabisa anasema saa kumi na mbili asubuhi, jua likichomoza. Mzee wangu hapa mbele anasema saa sita mchana. Kijana wa mapokezi anasema usiku, saa sita usiku, na namwelewa, maana anashinda na wageni na simu zao. Kuna aliyenong'ona "jioni", sema kwa sauti ndugu yangu, magari ya jioni yapo. Majibu manne, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Nambari moja, nyakati nne, na kutoka huu hadi ule ni muda wa saa sita nzima. Anayekosea hapa hachelewi dakika kumi. Anafika anakuta stendi inafagiliwa.

Wenzangu, nimeomba nizungumze nanyi, sikuomba nizungumze na madereva, kwa sababu nyinyi ndio mnaoandika. Dereva anaondoka tu. Tiketi mnaandika nyinyi. Kadi ya kliniki, barua ya usaili, tangazo la zabuni, mwaliko wa kikao cha wazazi, vyote vinapita mikononi mwenu.

Sasa najua kuna anayesema moyoni: mzee, dawa si ipo, weka AM au PM. Haya, tuiangalie hiyo dawa.

Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kilatini. Ante meridiem ni kabla ya katikati ya mchana, na post meridiem ni baada ya katikati ya mchana. Saa tatu asubuhi haina tabu, iko kabla. Saa tisa alasiri haina tabu, iko baada. Lakini niambieni, saa sita mchana yenyewe iko kabla ya saa sita mchana? Iko baada yake? Haiko kabla, haiko baada. Ndiyo yenyewe! Na saa sita ya usiku je? Hiyo iko mbali sawasawa na mchana uliopita na mchana unaokuja, kwa hiyo iite utakavyo, hutakuwa mwongo, na hutakuwa umemwambia mtu kitu.

Simu zetu zimechagua: 12 AM ni saa sita usiku, 12 PM ni saa sita mchana. Ni mazoea ya watu, na mazoea hayo hayajawahi kukaa vizuri hata kwa wenyewe. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ambayo ndiyo inayotunza saa ya kielelezo ya nchi hiyo, inashauri watu waachane kabisa na 12 a.m. na 12 p.m., waandike mchana au usiku kwa neno. Mikataba mingi ya bima huko huanza 12:01 a.m., yaani dakika moja baada ya saa sita usiku, ili pasiwe na mjadala. Watu wameona heri wakimbie dakika moja kuliko kubishana juu ya herufi mbili.

Jirani yangu, mama mtu mzima mwenye shinikizo la damu, alimwomba mjukuu wake amwekee kengele ya dawa ya mchana kwenye simu. Mjukuu akaweka 12:00 AM, akaenda zake shule ya bweni. Usiku nyumba nzima ikaamka, kuku wakaamka, mama akameza dawa gizani kwa sababu simu imesema. Mchana simu kimya. Kwa siku kadhaa mama huyo alikuwa anaamini daktari amebadilisha utaratibu.

Sasa sisi hesabu yetu tumeitoa wapi? Kwa nini kwetu jua likichomoza tunasema kumi na mbili imetimia, na saa moja asubuhi ni saa moja ya mwanga?

Hesabu hii ni ya kale sana, na haikuwa yetu peke yetu. Walioshika Agano Jipya humu ndani naomba wanisaidie. Katika Mathayo sura ya ishirini, mwenye shamba la mizabibu anatoka kutafuta vibarua alfajiri, kisha saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Ukiisoma kwa Kiswahili unaelewa pale pale. Kibarua aliyechukuliwa saa kumi na moja amebakiwa na muda wa saa moja jua lizame, na amelipwa dinari sawa na aliyechomwa na jua kutwa! Ndiyo maana wenzake wakanung'unika. Msomaji wa Kizungu lazima apewe maelezo pembeni, kwamba saa kumi na moja ile ni saa tano ya kwake. Wewe wa Makorora, hapa hapa Tanga, huhitaji maelezo. Na yule mwanamke Msamaria kisimani, Yohana sura ya nne, ni saa sita. Nani anakwenda kuteka maji jua la utosi? Kina mama wote huteka asubuhi au jioni. Ukishajua saa yetu, umeshajua kwamba mwanamke huyu ana sababu ya kutotaka kukutana na wenzake.

Waethiopia nao mpaka leo wanahesabu kama sisi, saa moja ni saa ya kwanza baada ya macheo. Na Waarabu na Waturuki wa zamani walihesabu kuanzia magharibi: jua likizama, mshale wa saa unawekwa kwenye kumi na mbili. Kila jioni. Istanbul jua la Desemba na jua la Juni yanazama yakiwa yametofautiana kwa karibu muda wa saa tatu, kwa hiyo usiporekebisha saa yako mara kwa mara unapotea.

Hapa kwetu ikweta imetuhurumia. Tanga tuko kama nyuzi tano kusini ya ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko yote mwakani unauzidi mfupi kuliko yote kwa kama nusu saa hivi, basi. Hesabu ya macheo na machweo ikiwekwa mara moja inakaa mwaka mzima, hakuna wa kuigusa. Mpeleke ndugu yako London na hesabu hiyo hiyo muone. Mwishoni mwa Juni anakupigia saa tatu usiku, jua lile pale dirishani, halijazama bado. Desemba saa kumi jioni haijafika, giza. Nimewasikia watoto wa ndugu zetu huko wakibishana kama useme "saa tatu usiku" au "saa tatu jioni". Waacheni wabishane, sababu wanayo.

Nije kwenye jua lenyewe, maana hapa ndipo nilipokulia kikazi. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye vituo vya hali ya hewa, na kazi ile inakufundisha kuitilia shaka saa ya ukutani.

Nawauliza: saa sita mchana ni wakati gani? Mtaniambia jua likiwa utosini. Sawa. Chukua fimbo iliyonyooka, ichomeke wima uwanjani, mahali pasipo na mti. Kuanzia saa tano na nusu weka kijiwe kwenye ncha ya kivuli, kila dakika tano kijiwe. Kivuli kinafupika, kinafupika, kisha kinaanza kurefuka upande wa pili. Kijiwe kilicho karibu kuliko vyote na fimbo ndicho mchana wako wa haki. Tazama saa. Hapa Tanga haitakuwa saa sita kamili. Mwanzoni mwa Novemba itakuwa kama saa sita na dakika saba. Katikati ya Februari itakuwa kama saa sita na dakika thelathini na nane. Saa sita kamili? Hapati mtu, mwaka mzima.

Na ukifanya hivyo siku za mwanzo za Machi au za mwanzo za Oktoba, utaona kitu ambacho mtu wa Ulaya hakioni kwake maisha yake yote: kivuli kinakwisha. Fimbo inasimama bila kivuli, kama taa iko juu yake. Baada ya Machi kivuli cha mchana kinalala upande wa kusini, baada ya Oktoba kinahamia kaskazini. Watoto wa shule za msingi wangependa sana kazi hii, sijui kwa nini tunawafundisha kwa picha.

Waislamu mliomo humu mnalijua hili bila fimbo. Tazameni ratiba ya swala pale msikitini: adhuhuri inaingia baada ya zawali, jua likishapinda, na dakika zake zinasogea mwezi hadi mwezi. Kama saa sita ya saa ya mkononi ingekuwa ndiyo mchana wa jua, ratiba ile ingeandikwa mstari mmoja.

Kwa nini inakuwa hivyo? Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington wakakubaliana hesabu ya dunia ianzie mstari wa Greenwich, Uingereza. Baadaye nchi moja moja ikachagua iko saa ngapi mbele au nyuma. Afrika Mashariki, baada ya wakoloni kujaribu vitu vya ajabu kama saa mbili na nusu na saa mbili na robo tatu mbele ya Greenwich, tumekaa kwenye tatu kamili. Mstari wenye haki na tatu kamili ni wa nyuzi 45 mashariki. Unapita wapi? Haugusi Tanzania, haugusi Kenya, haugusi Uganda. Unapita Somalia, karibu kabisa na Mogadishu. Kwa hiyo, ndugu zangu, tangu mmezaliwa mnakula chakula cha mchana kwa jua la Mogadishu.

Tanga si mbali na Mogadishu kwa hesabu hii, tunapoteza dakika ishirini na kitu. Niwapeleke Kigoma. Huko jua linafika utosini, kwa wastani, saa saba. Saa saba! Saa sita ya redioni jua la Kigoma bado linapanda. Na asubuhi vivyo hivyo: mnasema kumi na mbili asubuhi ndiyo macheo, lakini Kigoma saa kumi na mbili asubuhi mtoto anatoka nyumbani na tochi. Jua linachomoza karibu saa moja. Nilipohamishiwa huko mara ya kwanza niliwauliza wenyeji wanaonaje. Mzee mmoja mvuvi wa dagaa akanijibu: "Saa ni ya serikali, jua ni la kwetu."

Sasa vuka. Nenda Manyovu, ingia Burundi. Bujumbura iko karibu mstari mmoja na Kigoma, jua linawapitia kwa pamoja, lakini wao wako saa mbili mbele ya Greenwich. Jua likiwa juu, saa ya Bujumbura inasema saa sita, ya Kigoma inasema saa saba. Ziwa moja, jua moja, kivuli kimoja. Madereva wa malori wa Rusumo na Manyovu mkiwauliza "tukutane saa ngapi", swali lao la kwanza ni "ya huku au ya kule?" Hawa wamefundishwa na barabara.

Naona mwenyekiti anatazama saa ya Mogadishu. Niende kwenye usiku, maana usiku ndio wenye matatizo makubwa zaidi.

Saa sita ya mchana angalau kivuli kinakupa habari. Saa sita ya usiku ina alama gani? Hakuna adhana. Jogoo bado. Ni giza kabla na giza baada. Na hapo ndipo tulipoambiwa tarehe igeuke! Mtu amekaa barazani anapiga soga, jana imepita ikawa leo, hakuna aliyeona.

Wazee wa pwani hawakuiweka mipaka ya siku mahali pasipoonekana. Siku kwao inaanza magharibi. Fikirieni Ramadhani: mwezi ukiandama, usiku ule ule tunaswali tarawehe, na hatujafunga hata siku moja. Kwa nini? Kwa sababu tarehe mosi imeshaingia jua lilipozama. Usiku wa ishirini na saba tunaokesha ni ule unaotangulia mchana wa ishirini na saba. Wasabato nao, Sabato yao inaingia Ijumaa jua likizama. Na Wakristo wengine wote, Krismasi mnaianza lini? Kwenye mkesha.

Kwa hiyo mzee wa Pangani akikuambia maulidi ni "usiku wa Ijumaa", anamaanisha usiku ambao wewe wa ofisini unauita Alhamisi usiku. Kuna ofisa mmoja, mgeni kutoka bara, mtu mwenye heshima zake, alialikwa maulidi hayo na mwenye nyumba aliyempenda. Akanunua kanzu mpya. Ijumaa saa mbili usiku akafika, kanzu imepigwa pasi, mkononi ana boksi la sukari la kuchangia. Anakuta mama anaosha sufuria za jana uani, busati limekunjwa. Wenyeji wakamkaribisha, wakampashia pilau, wakamwambia "hukuchelewa bwana, umewahi ya mwakani". Lakini aliona aibu, na kosa halikuwa lake. Lilikuwa la aliyeandika kadi.

Na sisi tuna dawa ya jambo hili, tunayo miaka yote, redio zinaitumia kila siku. Ni maneno gani? Semeni. "Usiku wa kuamkia." Naam! Usiku wa kuamkia Ijumaa. Ukisema hivyo, awe mzee wa Pangani awe karani wa Dodoma, wote wanakwenda usiku mmoja. Usiku umeshikwa kwa asubuhi yake.

Hata uhuru wetu ulikuja usiku wa kuamkia. Tunasema Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Watu walikuwa wamejaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, tangu tarehe nane jioni. Taa zikazimwa, bendera ya Uingereza ikashuka gizani, zilipowashwa ya Tanganyika ikawa juu. Hapo ilikuwa saa sita ya usiku. Ukimuuliza bibi aliyekuwepo, atakwambia "usiku ule", hatakuambia tarehe nane wala tisa. Wenye sheria walihitaji tarehe ianze mahali fulani, wakaiwekea mlango pale. Kenya vivyo hivyo, usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963.

Msidhani mlango huo ni wa lazima. Wanajimu wa dunia, watu wa darubini, siku yao ilikuwa inaanza saa sita ya mchana mpaka mwisho wa mwaka 1924. Mnacheka, lakini walikuwa na akili. Kazi yao ni usiku. Kama tarehe inageuka usiku wa manane, daftari lake linakuwa na tarehe mbili kwa nyota moja. Mkutano ule wa Washington uliwaomba wabadilike, wakachukua miaka arobaini kukubali. Na hesabu yao moja ya siku, ile ya Julian, inayohesabu siku mfululizo bila miezi wala miaka, hadi leo inageukia mchana.

Na sisi wa hali ya hewa? Sisi siku yetu ya mvua inageuka saa tatu asubuhi. Unakwenda uwanjani, unafungua kipimo, unamimina maji kwenye glasi yenye mistari, unainama mpaka jicho liwe usawa mmoja na maji, unasoma milimita, unaandika. Ni saa tatu kwa kuwa Greenwich ni 06:00, saa kumi na mbili asubuhi, mojawapo ya nyakati ambazo vituo vya hali ya hewa dunia nzima hupima kwa pamoja. Mvua ya jana saa nne asubuhi na mvua ya leo saa mbili asubuhi ni za hesabu moja. Watu walikuwa wananipigia simu, "mbona redio imesema jana hakukunyesha na mimi nililoa?" Uliloa saa ngapi, mama? Jibu lote liko hapo.

Yote haya yangekuwa hadithi za kupitishia muda kama si tiketi za ndege. Dada zangu mnaokata tiketi, nawaomba sana. Ndege inayoondoka 00:40, yaani saa sita na dakika arobaini usiku, tarehe 15. Kijana wa hapa hapa Tanga, amepata kazi Muscat, tiketi imeandikwa hivyo hivyo, Ijumaa tarehe 15, 00:40. Ijumaa asubuhi akapanda basi kwenda Dar es Salaam, ametulia, ameaga kwa raha. Akafika uwanjani saa tatu usiku ya Ijumaa, mapema kabisa, na mama yake na shangazi. Ndege yake ilikuwa imeshaondoka usiku wa jana yake. Alhamisi, wakati yeye anafunga begi, ilitakiwa awe ameshakaguliwa pasi. Tiketi haikusema uongo hata herufi moja, na kijana anajua kusoma. Ila aliyemkabidhi ile karatasi alikuwa na kalamu mkononi, hakuandika maneno sita: "fika uwanjani Alhamisi saa tatu usiku".

Basi nisichoshe. Nikirudi ofisini kwako kesho nataka nikute nini?

Nikute nambari haikai peke yake. Saa 12:00 asubuhi, saa 6:00 mchana, saa 12:00 jioni, saa 6:00 usiku. Neno liko pale pale, si chini ya ukurasa. Kama mteja wako anatumia saa za Kizungu, mwandikie zote mbili mstari mmoja: saa 6:00 mchana (12:00). Nikute AM na PM hazijaguswa kwenye kumi na mbili. Msibishane kama saa kumi ni ya usiku au ya alfajiri, wala saa moja kama ni jioni au usiku. Gizani saa kumi iko moja tu, neno lolote kati ya hayo litamfikisha mtu.

Nikute jambo lolote la kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri limeandikwa na "usiku wa kuamkia" na siku na tarehe ya asubuhi yake. Na safari yoyote inayovuka usiku wa manane, andikeni saa ya kufika, si ya kuondoka peke yake, kwa sababu mtu anatoka nyumbani kwa saa ya kufika.

Na tarehe za mwisho. Jamani, tarehe za mwisho! "Maombi yapokelewe hadi tarehe 30, saa 6:00 usiku." Usiku upi? Ule wa kuingia tarehe thelathini au wa kutoka? Nimeona tangazo la namna hiyo likigombanisha ofisi nzima, waombaji wamekaa nje kwenye benchi na bahasha zao, mwanasheria anatafuta kamusi. Andikeni saa 5:59 usiku, tarehe 30. Ni tarehe thelathini, hakuna wa kuitilia shaka. Au, kama hakuna atakayekuwa ofisini kupokea hizo karatasi usiku huo, na mnajua wenyewe kwamba hatakuwepo, andikeni saa 9:30 alasiri na muwaache watu walale.

Nashukuru sana kwa kunisikiliza. Mwenyekiti ameniambia kuna nafasi ya maswali kabla ya chakula, na yule mzee wa saa sita mchana alishanyoosha mkono tangu nilipotaja Mogadishu. Karibu, mzee wangu.